Maziwa ya Saa Nne

Mami,

Salamu nitaziruka, kwa sababu tumekunywa chai pamoja asubuhi na najua u mzima. Nakuandikia nikiwa hapa nje kwenye benchi. Mama yako yuko ndani anapiga pasi nguo zako, zilezile alizozipiga pasi jana. Wewe umeenda Gatuanyaga kumuaga shosho yako, mama yangu, uliyepewa jina lake, na ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita Mami kama ninavyomwita yeye. Ukirudi jioni nitakupa karatasi hizi mkononi. Kesho ni safari ya Kisumu, kwenye kazi ya kuunda maboti ya faiba, na mimi baba yako sijui kama ninafurahi au ninaogopa.

Asubuhi uliniuliza swali. Ulikuwa unakoroga chai na hukuniangalia. Ulisema, "Na wewe Baba, unasemaje? Niende ama nisiende?" Mimi nikakujibu kwamba mabasi ya Kisumu hujaa mapema. Ulinitazama kidogo, ukanywa chai yako, ukaenda kuvaa viatu. Swali lako limekaa nami tangu saa hiyo.

Habari za kuchemsha maji na kutofungulia watu mlango ameshakwambia mama yako, zaidi ya mara moja. Mimi nitakwambia yale ambayo sijawahi kukwambia. Sitayapanga vizuri, maana kichwa changu siku hizi hakipangi vizuri. Uliniona juzi tukiziba lile tangi la jirani, nikakwambia unipe "ile kitu ya kusukuma". Ulinipa rola ukacheka. Mami, rola nimeishika miaka kumi na minane, na siku hiyo jina lake lilinitoka kabisa. Nesi anasema ni umri. Mama yako anasema ni mawazo. Wafula anasema ni rezini, ile gundi ya faiba. Nina miaka hamsini na minne na sijui nimwamini nani kati yao.

Wafula unamjua kwa sauti tu. Ndiye yule hupiga simu kila Krismasi kutoka Bungoma, anasema nusu ya sentensi, anapumzika, kisha anamalizia. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni shida ya netiweki, nami nikakuacha udhani hivyo. Barua hii inamhusu yeye, na inakuhusu wewe, na bado sijui naianzia wapi.

Nianze na karakana. Kazi ya faiba umejifunzia hapa uani, tukiziba matangi ya watu wa Witeithie na madigadi ya pikipiki. Una mkono mzuri kuliko wangu, hilo nalisema wazi na wala sikusifu bure. Lakini hapa uani kuna upepo. Upepo huo umekuwa ukikulinda bila wewe kujua, na mimi nilikuwa nakufundisha kazi nikisahau kukwambia kwamba nusu ya usalama wako ilikuwa inatoka upande wa Juja ikipita. Kule Ruiru, nilikofanya kazi na Wafula, tulikuwa ndani ya banda la mabati, nyuma ya maghala, milango imefungwa ili vumbi la nje lisiharibu kazi. Kalibu ya boti iko katikati, imelala kifudifudi. Unatandika nyuzi za kioo, unapaka rezini kwa brashi, unapitisha rola kutoa hewa, unatandika tena. Ile harufu unayoijua hapa kwa mkebe mmoja, pale ilikuwa ya mapipa.

Wiki ya kwanza kichwa kinauma. Wiki ya pili mtu anachangamka. Tulikuwa tunacheka bila sababu yoyote, watu wazima, mmoja akiangusha brashi wote tunashika mbavu. Tulikuwa tukisema leo tumepewa pombe ya bure. Kisha inafika siku hunusi kitu, na siku hiyo wenzako wanakupongeza kwamba sasa umekuwa fundi. Nilipongezwa mwezi wa tatu. Nilikuja nyumbani nikamweleza mama yako kwa majivuno kwamba harufu imenishindwa.

Dawa yetu ilikuwa maziwa. Saa nne kamili kila mtu alipewa pakiti moja. Nani alianzisha hilo, hakuna aliyejua. Watu wa kuchomelea vyuma walipewa, wapaka rangi walipewa, na vijana wa machimbo ya mawe kule Juja pia, na kila mahali maneno yalikuwa yaleyale, kwamba maziwa huosha kifua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyagawa. Mdosi, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana, alinichagua kwa sababu nilikuwa na mdomo na watu walinisikiza.

Mdomo huo ndio ninaotaka kukuelezea.

Siku moja alikuja mteja, mwanamume wa hoteli moja ya kando ya ziwa, kuangalia boti zake. Hakumaliza dakika tano ndani. Alitoka nje anakohoa, macho mekundu, akamwambia Mdosi kwamba watu wake wanahitaji barakoa, si zile za kitambaa, zile za mpira zenye vichujio viwili mashavuni. Aibu ilimshika Mdosi. Wiki iliyofuata alileta moja ya kujaribu, tukaipitisha mkono kwa mkono, tukaibatiza pua ya nguruwe. Kisha akatukusanya nje. Alisema barakoa atanunua za kila mtu, lakini vile vichujio ni vya kubadilishwa kila mara, kwa hivyo maziwa yatakoma. Hawezi vyote viwili. Tuchague.

Wafula alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Alikuwa mtu mpole, mrefu, wa kuongea pole pole hata wakati huo pumzi zikiwa zake. Alisema, "Hii maziwa inaingia tumbo. Ile harufu inaingia kifua. Hizo ni njia mbili, watu wangu."

Niliona watu wakifikiria. Mami, nakumbuka vizuri sana kwamba waliifikiria. Ndipo nikafungua mdomo. Nilisema Wafula anataka pua ya pili na hata ile aliyopewa na Mungu hajaijaza. Alikuwa na pua kubwa, kila mtu alijua, naye mwenyewe huitania. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wafula akacheka pia. Nikaendelea, nikasema baba zetu walikunywa maziwa wakaishi miaka tisini, nani kati yao alivaa uso wa nguruwe? Mikono ikainuliwa. Maziwa yakashinda, mkono mmoja tu wa barakoa.

Walinibeba siku hiyo. Mwaka uliofuata Mdosi akanifanya fomeni, na nina hakika ni kwa sababu ya mkutano ule.

Sasa nikwambie kitu ambacho mama yako anakijua na wewe hukijui. Maziwa yale mimi sikuyanywa. Hata pakiti moja, labda mbili za mwanzo. Nilikuwa naitia mfuko wa ndani wa koti, naileta nyumbani. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, na maziwa ya mama yako yalikuwa yamekatika mapema. Uji wako, chai yako, ile pakiti unayoikumbuka ukiisubiri mlangoni jioni ukinipekua koti, ilikuwa ndiyo hiyo. Uliniuliza mara moja ukiwa darasa la pili kama mimi ni mfanyakazi wa ng'ombe.

Kwa hivyo nilisimama mbele ya watu nikasema maziwa yanaosha kifua, na kifua changu sikukiosha. Niliamini au sikuamini? Nimejiuliza hili miaka mingi na kila siku napata jibu tofauti. Siku nyingine naona niliamini kabisa, nikajitoa mimi ili ule wewe, nikajiona baba mwema. Siku nyingine naona nilijua ni uongo, maana mtu anayeamini dawa hawezi kuiacha kila siku akaingia kwenye sumu kwa furaha. Na kuna siku naona sikufikiria kitu chochote zaidi ya sura yako mlangoni. Kati ya hizo tatu sijui ipi ni kweli, na huenda zote ni kweli, lakini hilo nalo sielewi linawezekanaje.

Baadaye nikagundua kwamba sikuwa peke yangu. Siku moja mvua ilitushika wote langoni, makoti yakafunguliwa, na karibu kila mtu alikuwa na pakiti yake kifuani. Kila mmoja alikuwa na mtoto. Tulitazamana, tukacheka tena, sisi na kucheka kwetu. Aliyekuwa hana pakiti ni Wafula. Familia yake ilikuwa Bungoma, maziwa yasingefika. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa akinywa.

Nilikuwa nasema nini. Ndiyo, boti kubwa.

Nikiwa fomeni tulipata kazi ya boti ya watalii, yenye sitaha. Boti ya namna hiyo ina chumba kidogo puani, pale kwenye ncha ya mbele, giza, na fundi lazima aingie kwa tumbo akapake rezini kutoka ndani. Nilimpa Wafula kwa sababu alikuwa mwembamba na mkono wake ulikuwa safi. Aliingia asubuhi. Saa nne nilipopita na maziwa nikamwita, akanijibu kwa kicheko. Nikaita tena, akacheka tena, kicheko kidogo kisicho na mtu ndani yake. Nikapiga tochi. Alikuwa amekaa, brashi mkononi, ananitazama kwa tabasamu, na jina langu halijui. Tukamvuta kwa miguu.

Unajua tulimpa nini? Tulimpa maziwa. Aliyanywa, akayatapika, akalala kivulini nusu saa. Na baada ya chakula cha mchana, Mami, nilimrudisha ndani. Hakuna aliyenilazimisha. Mteja alikuwa anangoja, ndiyo, lakini mteja hakuniambia neno. Nilimpiga begani nikamwambia, "Jikaze. Kazi ni kuvumilia." Akaingia. Alimaliza chumba kile siku iliyofuata.

Kikohozi kilianza muda mrefu baadaye. Ndiyo maana sina hakika ya kitu. Hospitalini daktari alimuuliza kama anavuta sigara, akasema ndiyo, moja moja Jumapili. Daktari akaandika pumu. Rezini hakuna aliyeiuliza. Huenda ni ile sigara ya Jumapili. Huenda ni vumbi la grinda, maana boti ikishakauka tunailainisha, na vumbi lake ni kioo kitupu, tunafunga vitambaa vya leso puani kama watu wanaopita jalalani. Huenda ni ile siku ya chumba, huenda ni siku zote kwa pamoja. Ningependa mtu mwenye elimu anikalishe chini aniambie, wewe una kosa kiasi hiki, na hili si lako. Nimetafuta mtu huyo sijampata.

Vumbi hilo nalo nililileta nyumbani. Ulipokuwa mdogo uliwashwa mwili mzima, shingo na mapaja, unajikuna mpaka unalia. Tulibadilisha sabuni. Tulikupeleka zahanati ukapewa losheni. Shosho yako alikuogesha kwa majani ya kwao. Mchungaji alikuombea. Hakuna aliyetazama karai, ambamo nguo zangu za kazi zilikuwa zikifuliwa pamoja na nguo zako ndogo. Aliyeligundua ni mama yako, siku aliyokunja nguo zako penye jua akaona zinang'aa. Alinunua karai la pili.

Wiki iliyopita nilimpigia Wafula. Nilitaka kumwambia kwamba unaenda Kisumu kwenye kazi yetu, lakini nilijikuta namwambia habari za maziwa, kwamba siku ya mkutano sikuwa nakunywa. Akasema, "Nilijua. Ulikuwa unabeba kwa koti." Akapumzika. Akauliza, "Na mtoto alikunywa?"

Nikasema alikunywa.

"Basi hiyo haikuharibika."

Kisha akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Nimegeuza maneno hayo kila upande. Sijui kama alinisamehe au alichoka tu kuongea. Nililia, hilo nakwambia wazi, nililia hapa hapa kwenye benchi na nikamwambia mama yako ni moshi wa jiko.

Ninachokijua kwa hakika ni kidogo, na kinatosha ukurasa. Najua Wafula alisema kweli, tumbo na kifua ni njia mbili. Najua mwenzako akianza kucheka peke yake ndani ya boti, usicheke naye, mvute. Najua ile dawa ya kugandisha rezini ikiruka jichoni hungoji kumaliza ulichoshika, unakimbilia maji, na nimemwona mtu aliyengoja. Najua siku harufu itakapokushinda kunusa, wewe ndiye umeshindwa. Na najua mzaha mzuri unaweza kumuumiza mtu kuliko tusi, kwa sababu tusi Wafula angelijibu. Zaidi ya hapo usiniulize, nitakudanganya.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unajua ni mimi niliyekutafutia kazi hii. Wiki tatu zilizopita, msimamizi wa huko alinipigia kuuliza juu yako. Aliuliza kama unajua kutandika, nikasema anajua. Akauliza, "Na anaweza kuvumilia?" Nikajibu haraka, kwa fahari, kwamba huyu binti ni mvumilivu kuliko mimi. Nilikata simu nikiwa na raha. Mpaka jana neno hilo halikunisumbua. Jana usingizini nilikisikia kile kicheko cha Wafula, na aliyekuwa anacheka alikuwa wewe.

Basi leo ulipotoka kwenda kwa shosho yako, nilimpigia msimamizi. Sikukuuliza ruhusa. Ulikuwa na haki ya kuulizwa, wewe si mtoto, na hilo pia liongeze kwenye makosa yangu. Nilimuuliza barakoa wanazo, zile za vichujio, na vichujio vinabadilishwa lini, na karakana yao ina feni za kutoa hewa au ina milango iliyofungwa. Alikuwa na heshima sana. Akaniambia, "Mzee wangu, usiwe na wasi. Hapa vijana tunawatunza. Hata maziwa tunawapa kila siku."

Mami, maziwa yaleyale.

Nikamwambia kwamba nina jambo la kurekebisha. Nikamwambia nilipomwambia kwamba unaweza kuvumilia, nilikosea. Nikasema binti yangu hawezi kuvumilia kabisa. Kichwa kikimuuma atatoka nje. Wakimwambia aingie chumba cha puani bila barakoa na bila mtu wa kumwangalia, atakataa, na wakimcheka atakataa bado. Nikasema huyo ndiye mtu ninayemtuma, na kama hawamtaki mtu wa namna hiyo, aniambie leo kabla hajapanda basi.

Nilisikia mashine nyuma yake, grinda, nikaijua kwa sauti. Akasema kwamba ameelewa, atazungumza na mkubwa wake, atanipigia. Sauti yake haikuwa ileile.

Sasa ni saa tisa na nusu. Simu iko hapa kando yangu, ina chaji na ina netiweki, na haijalia. Mara ninasema moyoni kwamba hawa ni watu wazuri, wanatafuta namba za duka la vichujio. Mara ninasema wameshampigia mtu mwingine, mvumilivu. Mama yako ametoka kuniuliza kama sanduku lifungwe au liachwe wazi, nami nikamwambia aliache kwanza, na akaniuliza kwa nini, nami nikarudi kwenye karatasi hizi.

Kwa hivyo, niende ama nisiende, umeuliza. Nataka uende, kwa sababu mkono wako si wa kuziba matangi ya Witeithie maisha yako yote. Na nataka ukae, na sina njia ya kuzipatanisha hizo mbili. Nilichoweza kufanya nimefanya leo, na huenda nimekuharibia kazi uliyoingojea mwaka mzima. Kama ni hivyo, ukirudi usinionee huruma kwa sababu ya uzee wala ya kusahau. Njoo hapa nje unigombeze. Nigombeze kwa sauti, bila kupumzika katikati ya sentensi, mpaka umalize yote.

Nimekaa hapa.

Baba yako